Bangili za Shangazi

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi za wanawake hapa Lamu. Kwenye shughuli za kina mama simu huachwa mlangoni, kwa hiyo anayeruhusiwa kuingia na kamera sharti awe mwanamke, awe na siri, na asikimbilie biriani kabla ya bi harusi kutoka. Mimi hayo mawili ya kwanza ninayo.

Kamera yangu ya zamani, ya megapikseli 12, yaani nukta milioni 12 kwa kila picha, ilikuwa na adabu zake. Ikiona chunusi inapita. Hii mpya ni ya 45. Ilikuja kwa ndege mpaka kisiwa cha Manda, ikavuka maji kwa boti huku nimeipakata kama mtoto wa siku arubaini, na jioni yake nikampiga picha punda mmoja mtaa wa Langoni kwa lenzi ya milimita 200. Kwenye kioo kidogo cha nyuma, punda safi. Kwenye kompyuta, nilipomkuza, ana masikio manne.

Ile kanuni ya kwamba lenzi ya 200 inatosheka na kasi ya shata ya 1/200, yaani kitundu kifunguke na kufungika kwa sehemu moja ya 200 ya sekunde, ni ya enzi za filamu. Nukta zikiwa nyingi na ndogo, mkono ukitetemeka kidogo tu picha inavuka nukta mbili tatu, na zote zinaonekana. Nikapanda mpaka 1/800, punda akarudishiwa masikio yake mawili. Kitundu cha lenzi nacho kina mambo: ukikibana hadi f/16 mwanga unatawanyika pembeni na picha inalainika, ilhali kikiwa wazi zaidi, f/5.6 au f/8, inakata kama wembe. Tena f/16 ndiyo iliyonifichulia madoa meusi kwenye anga la Manda, pahali pale pale kila picha. Vumbi limekaa juu ya sensa, kile kibati cha ndani ya kamera kinachonasa mwanga. Bibi yangu alishika kwamba ni kunguru, na kwa Lamu huwezi kumlaumu. Nikalisafisha, nikawaeleza habari zake wote waliotaka na wasiotaka kusikia. Mmoja wao alikuwa mama wa bi harusi wa Mkomani. Kumbukeni hilo.

Usiku wa kupamba, bi harusi amewekwa chumba chenye kiyoyozi asije akayeyuka na wanja. Kiwandani, yaani ule uwazi wa katikati ya nyumba zetu, joto na unyevu wa bahari vimekaa kitako. Ukitoka na kamera baridi, lenzi inafunga ukungu papo hapo, na kuifuta ni kazi bure. Nikaifunga ndani ya mfuko wa plastiki palepale chumbani, nikatoka nayo, nikaiacha ipate joto taratibu. Shangazi wa bi harusi hakutaka kungoja.

"Ndoo, mwanangu. Nipige na hizi bangili. Za marehemu mama, zimetoka Omani."

Zilikuwa zimejaa mpaka karibu na kiwiko. Ukungu ulipokwisha nikambandika mbele ya ukuta wenye zidaka, lenzi ya milimita 85, f/5.6, flashi ikigonga dari jeupe. Nakuapieni, sijawahi kupiga picha kali namna ile. Nyuzi za leso zilihesabika.

Baada ya harusi nikaitwa kuzionyesha kwenye tivii kubwa ya sebuleni. Kina mama wamejaa, kahawa inazunguka, halua imekatwa. Picha ya Shangazi ikatokea, wakapiga vigelegele. Mama wa bi harusi, ambaye ni wifi yake, akasogea mbele.

"Hebu kuza hapo mkononi. Mato yangu hayaoni vizuri."

Nikakuza. Bangili ya tatu ilikuwa imebambuka ubavuni, shaba imechungulia wekundu wake wote. Ya nne pia. Ya tano ilimwacha Shangazi na mstari wa kijani kwenye ngozi. Dhahabu ya kuchovya, jamani, upana wa inchi 55.

Kimya kikaingia mpaka vikombe vikasikika.

"Ni vumbi hilo," Shangazi akasema, akanigeukia. "Si vumbi la kamera, mwanangu?"

"Vumbi, Shangazi," nikajibu. "Vumbi tupu. La sensa."

Wifi mtu akatabasamu. "Vumbi la sensa si hukaa pahali pamoja kila picha? Mwenyewe ulinisomesha. Weka picha ya pili."

Picha ya pili Shangazi ameinua mkono kushika kidevu. Vumbi nalo limeinuka, limemfuata mpaka kidevuni. Hapo ndipo tivii ikazimika. Watu wakasema stima imepotea, na mimi nikasema stima imepotea, ingawa feni ilikuwa inazunguka na waya wa tivii ulikuwa karibu mno na kidole changu cha mguu.

Siku ya pili Shangazi akamtuma mwanawe mdogo na bakuli la mahamri. Binti yake anaolewa baada ya Ramadhani na kazi nimepewa mimi. Nikauliza, je, nije na ile kamera ya zamani?

"Amesema la," mtoto akajibu, "uje na hii hii mpya. Na mke wa mjomba umpige kwa karibu, usoni."