Chikungunya ikishaondoka, kichwa je?

Mombasa ilipopigwa na chikungunya, homa ya kirusi kinachoenezwa na mbu, mwishoni mwa 2017 hadi 2018, habari ilikuwa viungo: magoti, vifundo, vidole visivyofunga kifungo cha shati. Ndiyo maana ya jina lenyewe, Kimakonde cha kujikunja. Lakini wapo wanaolalamika kwamba hata homa ikishapoa, kichwa ni kizito na mambo yanawatoka.

Ushahidi mzuri unatoka kwa jirani zetu wa Bahari ya Hindi, kisiwa cha Réunion, kilichougua 2005 na 2006. Miaka kama miwili baadaye watu waliulizwa kwa simu. Kati ya walioambukizwa, asilimia 75 walitaja shida za upande wa ubongo. Kati ya wasioambukizwa, asilimia 57.

Anayelaumu kirusi hushika ile 75. Anayesema ni mawazo tu hushika 57. Zisomwe pamoja. Pengo la 18 ni kubwa mno kupuuzwa, na kumwambia mgonjwa anajisingizia ni kumdhulumu. Ila wengi wangelalamika hata bila mbu kuwauma. Tena hayo ni maelezo ya mtu mwenyewe, si kipimo. Goti linalokesha likiuma latosha kumsahaulisha mtu.

Kwa watoto wachanga sioni cha kubishania. Mama akiwa na homa hii siku za kujifungua, mtoto huweza kuambukizwa. Huko Réunion, wakiwa na miaka kama 2, asilimia 51 ya walioambukizwa walikuwa nyuma kimakuzi, dhidi ya 15 ya wenzao. Basi mjamzito wa miezi ya mwisho alale ndani ya neti hata mchana, maana mbu huyu huuma mchana. Na kwa kuwa mfereji ukikauka tunajaza mapipa, yafunikwe, yasuguliwe kila wiki: mayai hunata ukutani, kumwaga maji hakuyatoi.

Kinachotukwamisha ni rekodi. PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta kirusi chenyewe kwenye damu, hukinasa takriban wiki ya kwanza ya homa tu. Aliyemeza dawa za malaria bila kupimwa hana cha kumwonyesha daktari miezi baadaye. Andika tarehe ya homa, tunza karatasi ya maabara. Kichwa kikiendelea kuwa kizito, pima kwanza wingi wa damu, sukari, presha, thairoidi (tezi ya shingoni) na VVU, kwani hayo yana tiba. Degedege, uso kupinda, au miguu kulegea na udhaifu kupanda juu: hospitali siku hiyohiyo.