Shemeji Kaondoka na Pampu, Mimi Nimebaki na Mrija

Wanaosema kwamba kuagana huleta majonzi hawajawahi kuagana na mtu waliyekuwa naye kwenye safari ndefu ya baiskeli. Wangejua kwamba majonzi hayapati hata pa kukaa, kwa sababu kinachotangulia ni mgawanyo wa mali, nao ni mgumu kuliko mirathi, maana kwenye mirathi angalau mhusika mmoja amekwisha kufa na hawezi kubisha. Mimi niliagana na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, katika stesheni ya Kaliua, baada ya kutoka Tabora kwa nia moja iliyotangazwa mbele ya familia nzima, ya kufika Kigoma kwa baiskeli. Na hadi ninapoandika haya nikiwa Mwanga, Kigoma, mgawanyo huo haujakamilika.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na mtu aliyechoka. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400, na baiskeli zetu ni zile Phoenix za chuma zenye karia ya kubebea gunia la mkaa, ambazo hata zikiwa tupu humtoa mtu jasho kwa kuzivusha kizingiti tu. Angeniambia, "Shemeji, magoti yamegoma," ningempa pole na kumtafutia dawa ya kuchua. Lakini shemeji hakuwa amechoka. Alikunywa chai ya maziwa, akala chapati, akafuta mdomo, kisha akanifahamisha kwa utulivu kwamba kuanzia Kaliua yeye anapanda treni ya Mpanda, kwa kuwa huko ana mdeni wake wa siku nyingi, na kwamba alidhani nalijua hilo tangu tulipokuwa nyumbani. Ningelijuaje? Ni kweli kwamba Kaliua ndipo reli inapogawanyika, Reli ya Kati ikiendelea magharibi hadi Kigoma na tawi moja likishuka kusini hadi Mpanda, zaidi ya kilomita 200. Lakini treni hiyo angeweza kuianzia safari yake palepale Tabora bila kunisumbua mimi wala magurudumu yangu. Nilipomuuliza hilo, alinijibu kwamba nauli ya kuanzia Kaliua ni nafuu zaidi.

Na huyu ndiye yule yule ambaye tulipopita Urambo alinihutubia kwa muda mrefu kuhusu Waingereza walioanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, huko Kongwa, Nachingwea na hapo Urambo, kisha wakautelekeza mwaka 1951. Aliwalaumu kwa uchungu mkubwa, akisema kwamba hakuna kinachomuudhi kama mtu wa kuanza jambo na kuliacha njiani. Nami nilikuwa nikiitikia "kabisa, shemeji" huku nikikanyaga, kumbe mzungumzaji tayari ana tiketi ya Mpanda moyoni.

Sasa tuje kwenye mali. Pampu ilikuwa yake, hilo silikatai, ingawa viraka, msasa na solusheni vilikuwa vyangu. Tatizo ni kwamba pampu hiyo mrija wake hufunguliwa ili usipinde ndani ya mfuko, na mrija huo ulikuwa kwenye mkoba wangu tangu Tabora kwa sababu mkoba wake ulijaa radio. Treni ilipokaribia kuondoka, shemeji aliikumbatia pampu, akapandisha baiskeli kwenye behewa la mizigo, akanipungia mkono dirishani. Mimi nilipungia pia. Ilipokwisha kupotea machoni ndipo nilipofungua mkoba nikauona mrija umejikunja humo kwa amani. Hivyo mtu mmoja alikuwa anakwenda Mpanda na pampu isiyoweza kupuliza kitu, na mwingine anakwenda Kigoma na mrija usio na mahali pa kuchomekwa.

Sufuria ilikuwa ya dada yake, yaani mke wangu, lakini yeye aliihesabu kuwa ya ukoo wao, akaondoka nayo. Mimi nikabaki na kifuniko. Ningestahimili hata hilo kama asingeligusa suala la viazi. Tulikuwa tumefungiwa mifuko miwili, mmoja wa michembe na mmoja wa matobolwa. Kwa faida ya wasomaji ambao hawakulelewa Unyamwezini, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, kwa hiyo mtu huvitafuna vilivyo barabarani bila kumuomba mtu moto. Michembe imekaushwa ikiwa mibichi, na bila sufuria na maji yanayochemka ni chakula cha panya. Shemeji, ambaye alikuwa anakwenda kukaa ndani ya treni inayouziwa vyakula dirishani kila stesheni, alichukua matobolwa. Tena alichukua sufuria. Sijui kama kuna mahakama ya mwanzo inayoweza kusikiliza shauri la namna hii, lakini ipo haja.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayekutahadharisha nalo. Shemeji alikuwa akiendesha mbele muda wote, kwa madai kwamba yeye ana uzoefu, na mimi kuanzia Tabora hadi Kaliua mandhari niliyoifaidi ni kiraka cha kaki kwenye makalio ya suruali yake, kimeshonwa kwa uzi mweupe, kona moja imeachia. Nililalamika kimoyomoyo. Hata hivyo alikuwa amevaa koti la buluu iliyoiva, na kila aliyewahi kuona mitego ya mbung'o inayotundikwa porini anajua kwamba hutengenezwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, kwa sababu wadudu hao hupenda rangi hizo na hufuata kitu kinachotembea. Kwa lugha nyingine, nilikuwa nikisafiri nyuma ya mtego. Mbung'o wote wa kutoka huko nyuma walimalizana na shemeji, na mimi nilipita nikiwa salama. Baada ya Kaliua, katika miombo ya kuelekea Usinge, walinigundua. Mbung'o hung'ata juu ya shati, juu ya fulana, na ukiachia usukani umpige, baiskeli inakwenda kichakani.

Pancha niliipata mbele ya Usinge, tairi la nyuma bila shaka, lile lenye mzigo. Nilisukuma hadi nikamkuta fundi wa baiskeli chini ya mwembe, ana karai la maji, spana na pampu. Kijana mwenye adabu; aliniamkia vizuri, akautumbukiza mpira majini, akasubiri povu, akakwangua kwa msasa wangu, akapaka solusheni yangu, akaipuliza kidogo ili ikauke. Ilipofika zamu ya kujaza upepo, nikaona pampu yake ina mrija uliopasuka na kufungwa kwa vipande vya tyubu, kila akisukuma upepo unatokea kwenye mafundo. Nikatoa wangu.

"Mzee wangu, mrija mzuri hivi, pampu yake iko wapi?"

"Imekwenda Mpanda."

Aliniangalia. "Imekwenda na nani?"

"Na shemeji yangu. Amefuata deni."

Akaniuliza kama anaweza kuununua, nikakataa. Akasema basi atanisamehe malipo ya kuziba, nikakataa vilevile, kwa maana mrija ule si bidhaa tena, ni kielelezo. Nikalipa, nikaondoka, na nina hakika kijana yule hadi leo anawasimulia wateja wake.

Yote hayo yangevumilika kama shemeji asingekuwa amepiga simu mapema. Ana jamaa kila mahali penye stesheni, na kabla hatujaondoka Tabora aliwaarifu wote kwamba tunakuja watu wawili. Kwa hiyo Nguruka nilipokelewa kwa ugali wa watu wawili na samaki wawili kutoka Malagarasi, mama mwenye nyumba akachungulia nyuma yangu barabarani, akauliza, "Mwenzako umemwacha wapi?" Nikaeleza. Akanyamaza, akamwita mumewe. Nikaeleza upya. Mume akamwita jirani, ambaye ni mgambo. Nikavuka daraja la Mto Malagarasi nikifikiri kwamba yamekwisha, nikafika Uvinza penye chumvi, na huko nilikuta nimetandikiwa vitanda viwili na swali ni lile lile. Mwanamume wa umri wangu anayefika peke yake alikotarajiwa kufika na mwenzake, akiwa na kifuniko cha sufuria na mrija wa pampu, haaminiki kirahisi. Uvinza ilibidi nimpigie shemeji simu azungumze mwenyewe ili wajue kwamba yu hai. Alizungumza nao kwa furaha sana. Alikuwa anakula.

Sisi wa Tabora tunajua mambo ya kuachana kwa wasafiri, kwa hiyo asidhani ananiletea jambo jipya. Hapo Kwihara, nje kidogo ya mji, ndipo Stanley alipoagana na Livingstone mwezi Machi 1872, baada ya kukutana Ujiji mwaka uliotangulia na kusafiri pamoja hadi kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Stanley akaenda zake pwani, na kutoka huko akampelekea mzee wapagazi na mahitaji, nao wakafika Agosti mwaka huohuo, kwa miguu. Shemeji ana simu mbili na reli, lakini hajanipelekea hata raba ya valvu. Kabla ya hao walikuwapo wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke; mwaka 1858 Burton alibaki Tabora, enzi hizo ikiitwa Kazeh, na Speke akaenda kaskazini kulitazama Nyanza, yaani Ziwa Victoria. Aliporudi hawakupatana tena mpaka Speke alipofariki mwaka 1864. Lakini wale waligombea chanzo cha Mto Nile. Sisi, wazee wenye wajukuu, tunagombea mrija.

Mke wangu naye hupiga kila jioni. Haniulizi kama nimefika salama, wala ziwa likoje, wala kama samaki mgebuka wa Kigoma ni mtamu kama wanavyosema. Swali lake ni moja: "Baba watoto, kaka yangu ulimwachaje peke yake?" Mtu aliyepanda treni akaniacha mimi barabarani na mbung'o, eti nimemwacha mimi. Nimejaribu kumwelekeza kwenye suala la sufuria yake, nikidhani atashtuka, akasema afadhali, kaka atapata cha kupikia.

Juzi shemeji amepiga mwenyewe. Mdeni wake amehama Mpanda. Pia amepata pancha, na anaomba niutume mrija kwa treni hadi Kaliua, gharama juu yangu, akaufuate. Nilimwambia aitume pampu, gharama juu yake, nitaifuata mimi. Tulibishana hadi salio lake likaisha, akatumia simu ya pili, na mwishowe tukakubaliana kwamba tukutane Kaliua turudi nyumbani pamoja. Isipokuwa atakayetangulia ndiye atakayelipa gesti ya kumsubiri mwenzake, na hilo kila mmoja amelitambua. Yeye anasema ataondoka Mpanda akisikia nimeondoka Kigoma, nami nimemjulisha kwa maneno yaliyo wazi kabisa kwamba nitaondoka Kigoma nikisikia ameondoka Mpanda.