Genge, genge, genge. Michoro je?

Binamu yangu katupia video kwenye kundi la ukoo: "Kanisa la hatari kuliko yote duniani". Dakika 14 za bando langu. Kumbe ni Abuna Yemata Guh, kule Tigray, Ethiopia, kanisa lililochongwa ndani ya mwamba katika milima ya Gheralta. Nikaona genge. Nikaona genge kwa droni. Nikamwona kijana mwenye kamera akihema na kutuaga kama anayekwenda vitani. Ndani ya kanisa kakaa sekunde 40. Nimehesabu.

Sekunde 40! Kavua viatu, maana ndiyo sheria ya pale, kapanda mwamba peku, kapita kwenye ukingo mwembamba ambao chini yake ni shimo la mita 200 na zaidi, kafika salama, halafu kageuza kamera atuonyeshe uso wake.

Nikarudisha nyuma, nikasimamisha picha. Juu kuna kuba mbili zilizochongwa humohumo mwambani. Kwenye moja wameketi mitume tisa kwa duara. Kwenye nyingine wako wenzake wanane wa Yemata, mtakatifu mwenye jina la kanisa, mmoja wa wale Watakatifu Tisa ambao kwa mapokeo ya Waethiopia walitoka ng'ambo, wakaanzisha monasteri na kutafsiri maandiko kwa Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia. Ni michoro ya karne ya 15 hivi, na nyekundu yake bado ni nyekundu, maana hewa ya huko ni kavu. Nyuso ni za maji ya kunde. Macho makubwa yanatazama pembeni, kana kwamba wamesikia mtu anaingia.

Bibi yangu alikuwa na kalenda ya kanisa sebuleni, Petro wa macho ya bluu. Nikiwa na miaka saba nilijua kabisa mbinguni ni kwa watu wa sura ile, sisi tutapokelewa kwa mlango wa jikoni. Laiti mtu angenionyesha kuba ile siku zile.

Haya, genge linatisha, nakubali. Mimi nilishindwa kupanda bati kurekebisha antena, shemeji akanicheka mwaka mzima. Lakini makasisi hupanda palepale kwenda kuongoza ibada, na kina mama hupanda na vichanga mgongoni kwenda kubatiza. Kwao ile ni njia ya kanisani tu.

Wewe uliyeandika kwenye maoni kwamba "lazima Wazungu walisaidia", sina muda nawe.

Na vita vilipoipiga Tigray, 2020 hadi 2022, hawa wapenda hatari walikuwa wapi? Sikumsikia hata mmoja akiuliza kama mitume wale bado wana kuta.

Nimemwomba binamu anitafutie video ya kuba tupu, bila genge. Kanitumia ya Debre Damo, ile monasteri ambayo wanaume hupandishwa kwa kamba. Dakika 22.