Eti Zidisha Tu Mara Tano

Juzi rafiki yangu aliuliza kwenye kundi letu la simu namna ya kuwapikia watu 20 chakula cha jioni. Hajawahi kupikia zaidi ya wanne. Majibu yakamiminika, karibu yote yaleyale: chukua unachopika kila siku, zidisha mara tano, basi. Damu ilinichemka, maana waliojibu nawajua, na wengi wao hawajawahi kusimama mbele ya sufuria isiyoinuka kwa mkono mmoja.

Mara tano ni hesabu ya kununulia vitu. Mchele zidisha, sina neno: gramu 80 hivi za mchele mkavu kwa kila mtu, kwa watu 20 unapata kilo 1.6. Sahani zidisha. Viti zidisha. Moto je? Jiko ni lilelile ulilonalo. Kama linachemsha lita 2 za maji kwa dakika 10, lita 10 zitalichukua karibu saa nzima, na wageni hawatakungoja kwa sababu ulijua kuzidisha.

Chukua vitunguu tu. Kimoja kwenye sufuria kinageuka rangi kabla hujamaliza kumenya kitunguu saumu. Sasa mwaga lundo zima kwa mpigo. Vitatoa maji, vitaogelea humo, na wewe utasimama na mwiko unageuza, unageuza, vimebaki vyeupe kama ulivyoviweka. Maji yakiwemo, joto haliendi mbali na nyuzi 100, na ile rangi ya kahawia yenye ladha inataka kama nyuzi 140. Hadi yakauke, hukaangi kitu, unachemsha. Nyama ni hivyohivyo. Ukiijaza yote sufuriani inajipika kwenye maji yake na kutoka ya kijivu, halafu mpishi anamlaumu muuza nyama. Dawa yake ni kukaanga kwa mafungu, fungu baada ya fungu, nafasi ibaki kati ya vipande. Hiyo inakula muda, tena mwingi, na katika majibu yote yale hakuna aliyetaja muda. Si wao watakaokuwa wanatokwa jasho.

Wali ndio usiseme. Maji ya wali yana safari mbili: mengine yananywewa na mchele, mengine yanapotea kwa mvuke. Ya kwanza yanafuata wingi wa mchele. Ya pili yanafuata upana wa sufuria, mfuniko unavyokaa na muda wa kuchemka, na hayo hayaongezeki mara tano eti kwa sababu mchele umeongezeka. Kwa hiyo ukizidisha maji yote utapata ubwabwa wa mgonjwa. Niliwahi kualikwa mahali nikapakuliwa wali wa ghorofa tatu: chini mkaa, katikati uji, juu punje zinazolia kwenye meno. Mwenyeji alikuwa anatabasamu, "Ongezeni jamani, msione haya," nasi tukachota katikati kwa adabu zote. Angepika kwenye sufuria mbili za kawaida, maji akayapunguza kidogo, tusingekuwa na la kusimulia. Sijui nani aliwaambia watu kwamba heshima ya mwenyeji ni sufuria moja kubwa.

Chumvi: anza na nusu ya ile hesabu yako, onja, ongeza. Pilipili ndiyo kabisa.

Haya, nakubali, shingo upande: maharage yanavumilia. Yaloweke tangu jana yake, yape sufuria kubwa na muda wa kutosha, na hata hao wa mara tano watatoka wamefaulu. Nakubali pia kwamba nia yao ilikuwa kumtia moyo. Ila moyo haukaangi kitunguu.

Akikuuliza mtu "nije na nini?" usijibu "njoo tu." Mtajie kitu: barafu, matunda, vikombe. Na wale watakaojazana jikoni kutaka kusaidia, manahodha wengi chombo huenda mrama. Mmoja mpe kisu, waliobaki wakapange meza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanahesabu wetu hawaligusi, nalo si la mzaha. Wali mchache uliobaki unapoa kabla hujamaliza kuosha vyombo. Sufuria iliyojaa inabaki vuguvugu hadi usiku wa manane, na huko katikati kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazikufa kwa kuchemshwa. Vikizaliana vinaacha sumu ambayo hata ukipasha moto kesho haitoki. Usiifunike ukaenda kulala. Tandaza wali kwenye sinia pana, tabaka jembamba, upoe upesi, na kabla ya saa mbili kupita tangu wali uepuliwe motoni uwe umeingia kwenye friji. Friji ikiwa imejaa, wafungashie wageni mapema wakauweke kwenye zao. Walewale waliokuwa wakiapa kwamba wameshiba utawaona wanavyogombea bakuli lenye mfuniko.