Kabla ya Shoka Huja Barabara

Mti mkubwa uliosimama mbali na barabara yoyote hauna bei. Mbao zake zinaweza kuwa nzuri kuliko zote, lakini gharama ya kuutoa huko inameza faida. Siku greda likipita, mti uleule unapata bei, na kuanzia hapo kinachojadiliwa ni idadi tu: mingapi ikatwe, mingapi ibaki. Ndiyo maana katika misitu ya taifa ya Marekani ugomvi wa zaidi ya nusu karne umekuwa juu ya barabara kuliko juu ya shoka lenyewe.

Kanuni inayogombewa ilichapishwa tarehe 12 Januari 2001, siku nane kabla Rais Bill Clinton hajaondoka madarakani. Ilizuia ujenzi wa barabara na sehemu kubwa ya ukataji miti kibiashara katika ekari milioni 58.5 za misitu ya taifa ambazo hazikuwa na barabara, yaani karibu theluthi moja ya misitu hiyo. Kabla ya kupitishwa ilifanyika mikutano zaidi ya 600 na yakapokelewa maoni milioni 1.6. Juni 2025 Waziri wa Kilimo Brooke Rollins alitangaza nia ya kuifuta. (Ndiyo, misitu ya taifa ya Marekani iko chini ya Wizara ya Kilimo, na hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu jinsi mti ulivyotazamwa tangu mwanzo.) Agosti ilipotoka notisi rasmi, wananchi walipewa siku 21 za kutoa maoni. Ilikuwa hatua ya kwanza tu ya mchakato mrefu, sawa, lakini tofauti ya pumzi kati ya nyakati hizo mbili inaonekana.

Wanaoitetea kanuni mara nyingi huchorwa kama watu wa mijini wanaotaka pori liwekwe kwenye fremu ukutani. Picha hiyo si sahihi. Kanuni ya 2001 haikuyageuza maeneo hayo kuwa nyika iliyofungwa kwa mujibu wa sheria ya nyika ya mwaka 1964. Mifugo bado inachungwa humo, watu wanawinda na kuvua, na hata pikipiki hupita kwenye njia zilizoruhusiwa. Miti midogo inaweza kupunguzwa pale inapozidisha hatari ya moto. Wengi wa wanaosimama mbele kuilinda ni wawindaji na wavuvi wa hukohuko, wanaojua kwamba paa mkubwa wa milimani hukimbia kelele za magari na kwamba udongo unaoporomoka kutoka kwenye barabara ya magogo huishia kwenye changarawe ambamo samaki hutaga mayai.

Lakini hoja yao nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ya hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la barabara za misituni ni la kutisha. Misitu ya taifa ina zaidi ya kilomita nusu milioni za barabara, na kanuni ilipoandikwa matengenezo yaliyokuwa yameahirishwa yalikadiriwa kugharimu dola bilioni 8.4. Makalavati yanaziba, kingo zinaporomoka, madaraja yanafungwa. Huko Tongass, msitu mkubwa wa kusini-mashariki mwa Alaska, serikali kwa miongo mingi imetumia fedha nyingi kuandaa mauzo ya miti kuliko ilizopata kwa kuiuza. Mtu anayehubiri soko huria hawezi kutetea biashara ya namna hiyo bila kupepesa macho.

Sasa upande wa pili, ambao hupuuzwa kwa urahisi na watu wasiokaa karibu na msitu.

Tangu mwaka 1908 kaunti zilipata robo ya mapato ya misitu ya taifa kwa ajili ya shule na barabara zao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 misitu hiyo ilitoa zaidi ya futi-ubao bilioni 12 (kipimo cha ujazo wa mbao) kwa mwaka. Siku hizi ni karibu bilioni 3. Kanuni ya 2001 haikusababisha anguko hilo, kwa sababu lilitokea miaka kumi kabla yake, wakati wa kesi za kumlinda bundi madoa, ndege wa misitu ya kale, na mabadiliko ya viwanda. Hata hivyo, mji ulioona kiwanda chake cha kupasua mbao kikifungwa, kisha idadi ya wanafunzi shuleni ikapungua, hausomi kanuni mpya kutoka Washington kwa jicho la mwanahistoria. Unaona mlango mwingine umefungwa na mtu ambaye hajawahi kufika pale.

Halafu kuna moto. Rollins alisema ekari milioni 28 kati ya zile zilizolindwa ziko kwenye hatari kubwa au kubwa sana ya kuungua. Hofu hiyo haikubuniwa. Mwaka 2021 moto uliopewa jina la Dixie uliteketeza zaidi ya ekari 960,000 kaskazini mwa California na kuumaliza karibu mji wote wa Greenville. Aliyekimbia usiku ule hana subira na mjadala wa kanuni.

Swali ni kama barabara ni dawa ya ugonjwa huo. Barabara huwafikisha wazima moto haraka, hilo halina ubishi. Huwafikisha pia watu wenye kiberiti, mioto ya kambi na magari ambayo mabomba yake ya moshi yana joto kali. Mioto inayosababishwa na binadamu huanza zaidi karibu na barabara. Na kuna mgongano wa bei ambao wanasiasa huukwepa: miti inayosambaza moto ni ile midogo iliyosongamana, isiyo na mnunuzi, ilhali inayolipa ni minene yenye magome mazito, ambayo ndiyo huvumilia moto. Kazi ya kupunguza hatari ni gharama, si mapato. Anayeahidi vyote viwili kwa greda moja anauza kitu ambacho hana.

Hapo tunafika kwenye neno ambalo pande zote mbili hulitumia ovyo: jamii. Huko Alaska, kijiji cha Kake cha watu wa Tlingit kilikwenda mahakamani kupinga Tongass kutolewa kwenye kanuni, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikakipa ushindi. Lakini Sealaska, kampuni inayomilikiwa na Watlingit, Wahaida na Watsimshian wa eneo hilohilo, ilikata miti kwenye ardhi yake kwa miongo kadhaa hadi ilipotangaza mwaka 2021 kwamba inaacha. Watu wale wale, visiwa vile vile. Nani hapo ni jamii na nani ni biashara?

Kisa kinachonirudia zaidi ni cha kaskazini-magharibi mwa California. Idara ya Misitu ilitaka kuunganisha miji ya Gasquet na Orleans kwa barabara ya takriban kilomita 120. Kilibaki kipande cha kilomita kumi hivi, katikati ya milima ambako Wayurok, Wakaruk na Watolowa walikwenda kusali na kutafuta dawa. Utafiti ulioagizwa na idara yenyewe mwaka 1979 ulishauri kipande hicho kisijengwe. Idara ikaamua kukijenga. Makabila yakashinda katika mahakama mbili, kisha mwaka 1988 Mahakama ya Juu ikawageuka kwa kura tano dhidi ya tatu: ardhi ni ya serikali, na serikali haizuiwi kuitumia kwa sababu tu imani ya watu itaumia.

Barabara haikujengwa. Tayari mwaka 1984 Bunge lilikuwa limeifanya milima inayoizunguka kuwa nyika ya hifadhi, likaacha ukanda mwembamba tu wa kupitisha njia, barabara ya magogo ndani ya eneo lisilokatwa magogo. Mwaka 1990 hata ukanda huo ukafungwa. Makabila yalishindwa kesi ambayo bado inafundishwa katika vyuo vya sheria kama pigo kwa uhuru wa dini, na mlima ukabaki kimya.

Kisa cha Idaho hakina uzuri huo, lakini kina somo ambalo watetezi wa pori hawapendi kulisikia. Mwaka 2006 gavana wa wakati huo, Jim Risch wa chama cha Republican, alitumia nafasi iliyotolewa na serikali ya Bush ili jimbo lijiandikie kanuni yake. Makamishna wa kaunti, wavuvi na wahifadhi wa ndani ya jimbo wakashiriki. Kanuni ya 2008 ilipanga ekari milioni 9.3 kwa madaraja: sehemu nyingine zikalindwa kuliko mwaka 2001, nyingine zikalegezwa karibu na makazi, na takriban ekari 400,000 zikaachiwa matumizi ya kawaida ya msitu. Baadhi ya mashirika makubwa ya kitaifa yaliipinga na kuishtaki. Yalishindwa mwaka 2013.

Basi tazama pendekezo la 2025 linagusa nini. Si milioni 58.5, bali takriban milioni 44.7. Idaho haimo. Colorado, iliyoandika kanuni yake mwaka 2012 kwa njia kama hiyo, haimo. Wakati huohuo Tongass, inayosimama juu ya kanuni ya kitaifa peke yake, imetolewa na kurudishwa mara mbili tangu 2003, mara ya kwanza ikirudishwa na mahakama, mara ya pili na serikali iliyofuta uamuzi wa mwenzake.

Sisemi mapatano ya Idaho yafanywe kila mahali. Wayurok wangeketi mezani na nani mwaka 1982, na wangetoa nusu ipi ya mlima wao wa ibada? Kuna vitu havigawiki. Lakini California, Oregon, Montana na Washington zilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kuwakutanisha mwindaji, mpasua mbao na kamishna wa kaunti juu ya ramani moja, na zikachagua kutegemea saini ya serikali kuu. Sasa zinaihitaji meza hiyo kwa haraka, na greda linasubiri nje.