Mstari mmoja juu ya Ziwa Tanganyika

Mpwa wangu, anayesoma hapa Kigoma, huzitaja sayari zote nane kwa mpangilio bila kukosea, na daftarini amepigiwa vyema nyekundu. Nilipomuuliza kwa nini Zebaki ni ya mawe na Mshtarii ni ya gesi, alinyamaza. Sikumlaumu, kwani nami nilikaririshwa hivyo hivyo. Naamini tunawanyima watoto sehemu tamu kuliko zote, kwa sababu mpangilio ule ni ushahidi wa jinsi mfumo wa Jua ulivyozaliwa yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita.

Jioni moja tulishuka mwaloni Kibirizi, wakati taa za wavuvi wa dagaa zinaanza kuwaka ziwani. Zuhura ilikuwa chini, juu kidogo ya milima ya Kongo, kisha mwezi mchanga, kisha Mshtarii. Nilimwambia avifuate kwa kidole kimoja baada ya kingine, na kidole chake kikachora mstari karibu ulionyooka. Sayari zote hulizunguka Jua karibu katika bapa moja. Hata Zebaki, ambayo njia yake imeinama kuliko za wenzake, imepishana na njia ya Dunia kwa nyuzi 7 tu. Tena zote huzunguka kuelekea upande mmoja, uleule ambao Jua lenyewe hujizungusha.

Ni vigumu kuamini kwamba kila sayari ilikuja kivyake ikaangukia mpango huo. Mwanafalsafa Mjerumani Kant mwaka 1755, na mwanahisabati Mfaransa Laplace mwaka 1796, walipendekeza kwamba vyote vilitokana na wingu moja la gesi na vumbi lililojikusanya, likazidi kujizungusha kasi kadiri lilivyosinyaa, likatandazika kama chapati. Mwaka 2014 darubini za ALMA nchini Chile zilipiga picha ya chapati ya namna hiyo, ikiizunguka nyota changa iitwayo HL Tauri.

Kuhusu mawe na gesi nilimkumbusha Uvinza, ambako maji ya chumvi huchemshwa mpaka maji yakaondoka kwa mvuke na chumvi ikabaki. Karibu na Jua changa joto liliacha chuma na miamba tu vikiwa yabisi, navyo vilikuwa kidogo, ndiyo maana sayari za ndani ni ndogo. Mbali zaidi maji nayo yaliganda, mali ghafi ikawa tele, na Mshtarii ikakua hadi ikaweza kuvuta gesi yenyewe. Leo uzito wake unazidi wa Dunia zaidi ya mara 300.

“Mjomba, zote zinajizungusha upande mmoja?” aliniuliza. La. Zuhura hujizungusha kinyume, polepole mno, siku 243 kwa mzunguko mmoja, na Uranusi imelala ubavu. Akauliza kama kuna kitu kiliigonga. Nilimwambia kwamba kwa Uranusi wanasayansi wengi wanaelekea jibu hilohilo, maana sayari zilikua kwa kugongana, na kwamba kwa Zuhura bado wanajadiliana, wengine wakiitaja angahewa yake nzito. Aliigeukia tena Zuhura, akaitazama mpaka ikazama nyuma ya milima.