Mwenzenu Nimemega Tonge Kwenye Bakuli la Mtawa

Kabla hamjaendelea kurushiana ile sauti ya rafiki yangu kwenye magrupu, ile anayosema nilimpora mtawa chakula nikatoka nduki, naomba kusahihisha jambo moja. Sikutoka nduki. Nilikuwa nimepiga magoti, na mtu aliyepiga magoti hana mbio. Mengine yote ni kweli.

Mnaonifuatilia mnajua niko Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa Thailand, nasomea mpunga. Hilo la mpunga lishikeni, litaniumbua mbele ya safari. Wikiendi hii mwanafunzi mwenzangu alinichukua twende kijijini kwao, kwa sababu mdogo wake wa kiume amevaa joho la utawa. Huku ni kawaida: mvua zikianza watawa wa Kibudha wanatulia hekaluni miezi mitatu, na vijana wengi huingia utawa kwa msimu huo tu, kisha wanarudi kwenye mashamba na pikipiki zao. Thawabu anaandikiwa mama. Basi mama mwenyeji wangu alikuwa anang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Yule kijana ambaye majuzi tu alikuwa anafokewa kwa kuegesha pikipiki sebuleni, sasa mama mzazi anampigia magoti barabarani.

Usiku tulipofika nilipewa historia nzima ya hekalu lao. Ukifiwa, maiti inachomwa hekaluni. Ukijifungua, unamwomba mtawa mkuu akutafutie jina la mtoto. Una harusi? Viti, sahani na masufuria unaazima hekaluni. Umenunua pikipiki mpya? Inapelekwa ikanyunyiziwe maji ya baraka. Mbwa aliyetupwa na mwenyewe anaishia hekaluni na ananenepa. Nikalala nikijua kwamba hapa kijijini hekalu ndilo linalotoa kila kitu.

Hapo ndipo kosa lilipotungwa mimba. Alfajiri nikaamshwa: inuka, watawa wanapita! Mwenzenu akili ya usingizi ikapiga hesabu yake: kama wanatoa viti, masufuria na majina ya watoto, watashindwaje kutoa kifungua kinywa? Nikajifunga khanga, nikatoka kwenda kupokea.

(Dada wa Tanga uliyeniandikia "hukuwahi hata kuona kwenye video?" nakuona. Niliwahi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa sina video yoyote kichwani.)

Akina mama walikuwa wamejipanga kando ya njia, miguu peku, kila mmoja na kikapu chake cha mianzi chenye kifuniko. Nikapiga magoti mwisho wa safu, pembeni ya bibi mmoja mwenye meno mawili na roho nzuri. Kikapu kimoja alikisogeza karibu yangu. Nikadhani ananipa nimshikie.

Wakaja mmoja nyuma ya mwingine, kimya, peku vilevile, macho chini. Aliyetangulia kuvaa joho anatangulia njiani, kwa hiyo wa mwisho kabisa alikuwa kijana wetu. Amenyolewa kichwa, na nyusi pia, maana huku nyusi nazo zinaondoka. Akasimama mbele yangu. Akafunua bakuli.

Jamani, lilikuwa limejaa. Matonge ya wali wa kunata, meupe, yanafuka moshi. Bibi akanigusa bega, akakusanya vidole vitano kama mtu anayemega, halafu akavielekeza kwenye bakuli. Nyinyi mnaosema nilijitungia, ishara hiyo mngeitafsiri vipi? Kwetu mtu akikufunulia chakula na mwingine akakuonyesha kumega, unanawa unakula. Kunawa nilisahau.

Nikatia mkono.

Nilikusudia katonge kadogo tu, ka adabu. Lakini wali wa kunata hauachani kirahisi. Nikavuta, likaja tonge na majirani zake. Nikavuta tena, bakuli likainama kunifuata. Na yule kijana hawezi kunizuia! Mtawa haruhusiwi kumgusa mwanamke, wala mwanamke kumgusa yeye, kwa hiyo hawezi kunishika mkono, hawezi kunipiga kibao. Alichoweza ni kurudi nyuma hatua moja, na mimi nikasonga naye kwa magoti, vidole vikiwa bado ndani. Safu nzima imegeuka. Kuku nao kimya. Hatimaye wali ukakatika, ukanibakia mkononi donge la ukubwa wa embe dodo. Nikaliangalia. Yeye akaliangalia. Nikaona kulirudisha itakuwa kumdharau, nikaling'ata.

Halafu, kwa kuwa nimelelewa, nikafumba viganja nikamshukuru kwa Kithai safi, na donge likiwa katikati ya viganja. Alfajiri ile hakuna mwingine aliyetoa asante. Anayeweka chakula ndiye anayeinama, kwa kuwa amepewa nafasi ya kupata thawabu, na mtawa anapokea bila kushukuru. Mimi nikawa nimechukua, nikashukuru, nikatafuna.

Mtawa ana kanuni 227, na mojawapo inamkataza kuangua kicheko akipita kwenye makazi ya watu. Kijana aliishika. Ila mabega yalikuwa yanaruka, na uso usio na nyusi hauna pa kufichia kitu. Bibi alikuwa hana kanuni hata moja. Alilala chali.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Kile kikapu alichonisogezea bibi kilikuwa changu, nilitayarishiwa mimi nitie wali bakulini. Ule wali, nilipoutafuna kwa utulivu, ulikuwa RD6, aina ya mpunga wa kunata iliyotolewa mwaka 1977, ambayo nimeiandikia kurasa na kurasa bila kuuliza ukiiva unaanzia kwa nani. Mboga zilipopelekwa hekaluni baadaye, akina mama wakalijadili shauri langu. Katika nadhiri tano za waumini, ya pili inakataza kuchukua usichopewa. Wengine wakasema bakuli lilifunuliwa, kwa hiyo nilipewa. Wengine wakasema lilifunuliwa kwa kutia, si kwa kutoa. Mtawa mkuu alipopelekewa kesi akauliza swali moja tu: je, alishiba? Akaagiza nipakuliwe. Watawa wakishakula, kinacholetwa hapo huliwa na kijiji kizima, kwa hiyo kosa langu likaandikwa kuwa la kuwahi foleni.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda tena, macho yakiwa wazi. Bibi alinishika kiwiko tangu mtawa wa kwanza. Alipofika kijana wetu nikatia tonge langu vizuri kabisa, mkono ukatoka mtupu, na kabla sijashusha kiwiko alikuwa ameshafunika bakuli.